Mzinga Haujilindi Wenyewe

Katika uwanja wa vita hakuna chombo kinachotisha kama mzinga, wala hakuna chombo kilicho mnyonge kama mzinga ulioachwa peke yake. Kombora lake huanguka mbali, mahali ambapo macho ya mpigaji hayafiki. Lakini mzinga wenyewe hauwezi kugeuka upesi, hauwezi kukimbia, wala hauwezi kumzuia mtu mmoja mwenye bomu la mkono aliyeunyatia usiku kwa nyuma. Kwa hiyo mtu akiuliza nguvu ya mzinga iko wapi, asitazame mtutu wake tu. Atazame shimo lililochimbwa, wavu uliotandikwa, mlinzi aliyekesha, dereva aliyeleta makombora, na mwanakijiji aliyepita njia yake akanyamaza.

Twasema hayo kwa wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama kwa sababu wao wanayo haki ya kuyasikia kwanza. Mkoa wa Mara umetoa askari tangu enzi za King's African Rifles. Jenerali David Musuguri alizaliwa Butiama mwaka 1920, akaingia jeshini mwaka 1942, akaiongoza Divisheni ya 20 katika vita vya mwaka 1979, akawa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi kuanzia mwaka 1980 hadi 1988, na akafariki dunia mwezi Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Wengi walimsifu kwa ushujaa wake, na ilikuwa haki yake. Lakini sifa za jemadari zikitajwa peke yake, vijana hujifunza nusu ya somo. Nusu ya pili ni kazi: sururu, koleo, zamu ya usiku, na utii katika mambo madogo yasiyopigiwa makofi.

Huenda mvuvi wa Musoma au mkulima wa pamba wa Bunda akauliza: haya yanatuhusu nini, nasi tumo katika amani? Ndugu zetu wa Kagera nao walikuwa katika amani. Mwishoni mwa mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini, yakashika eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, yapata kilomita za mraba 1,800, na tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Siku moja kabla ya hapo, Rais Julius Nyerere, mtoto wa Butiama, alikuwa amekwisha kuliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga mvamizi ipo, nia ipo, na uwezo upo. Wengi twayakumbuka maneno hayo. Ni wachache wanaojiuliza uwezo ule ulifikaje Kagera. Ulifika kwa malori na mabasi yaliyotolewa katika kazi za kila siku, yakaendeshwa na madereva wa kawaida katika barabara mbovu, kwa safari za zaidi ya kilomita elfu moja. Mzinga ulioko Dar es Salaam haukomboi Kyaka.

Basi na tueleze, kwa lugha ambayo kila mfanyakazi ataielewa, ni nini kituo cha kupigia mizinga, na kwa nini ulinzi wake ni kazi ya watu wengi.

Jambo la kwanza ni mahali. Mtu asiyejua angeupeleka mzinga kileleni ili aone mbali, naye angekosea sana, maana aonaye mbali huonekana mbali. Mzinga hukaa nyuma ya kilima, ukapiga kwa kupitisha kombora juu yake. Anayeona ni mtazamaji aliyejificha mbele na simu yake ya upepo. Yeye hutaja shabaha, na baada ya kombora kuanguka husema liongezwe au lipunguzwe, lipelekwe kulia au kushoto. Tuchukue mfano wa nchi tunayoijua. Milima iliyo nyuma ya mji wa Bunda ingeweza kuficha mizinga; lakini mbuga zinazoshuka kuelekea Ghuba ya Speke zina udongo mweusi ambao wakati wa masika humeza gurudumu hadi ekseli, na wakati wa kiangazi hutoa vumbi linaloonekana kutoka mbali. Musoma imekaa juu ya rasi, maji yakiwa pande tatu. Mzinga ungeona ziwa wazi mbele yake, lakini njia ya kutokea ni nchi kavu ya upande mmoja tu. Kwenye miinuko ya Butiama ardhi yenyewe ni mawe, na sururu hugonga mwamba kabla ya shimo kufika magotini, hata ikabidi kujenga ukuta wa mawe na mifuko ya mchanga. Hakuna mahali pasipo na kasoro. Kazi ya kiongozi ni kuijua kasoro kabla adui hajaijua.

Jambo la pili ni vipimo. Mizinga yote ya kikosi huelekezwa upande mmoja kwa dira na ramani, kila mmoja ukijua umbali wake na mwenzake. Kosa la digrii moja katika mwelekeo, ambalo jicho la kawaida haliwezi kuliona, huwa kosa la mita zipatazo 175 kombora likifika umbali wa kilomita 10. Mita 175 zaweza kuwa tofauti kati ya ngome ya adui na handaki la wenzetu, au kati ya kambi ya adui na shule ya watoto. Kwa hiyo kijana anayeipuuza hesabu darasani, akidhani jeshi ni mabavu tu, ajue kwamba katika kikosi cha mizinga hesabu ndiyo inayoua na hesabu ndiyo inayookoa.

Jambo la tatu ni kuchimba. Kila mzinga hupata shimo lake, na askari wake hupata handaki la kujikinga. Makombora hayawekwi chungu moja. Hugawanywa katika mashimo mbalimbali, ili moto ukishika shimo moja usiangamize yote. Katika hili Tanzania imefundishwa kwa uchungu hata wakati wa amani. Milipuko ya Mbagala ya tarehe 29 Aprili 2009 na ya Gongo la Mboto ya tarehe 16 Februari 2011 iliua wananchi waliokuwa majumbani mwao. Kombora halichagui adui. Humuua yeyote lililemkuta.

Jambo la nne ni kuficha. Wavu hutandazwa juu ya mzinga, matawi hukatwa yakafungwa juu yake. Lakini matawi yaliyokatwa leo hunyauka kesho, na kichaka cha kahawia katikati ya vichaka vya kijani humwambia rubani habari yote. Kwa hiyo kila asubuhi hapana budi yabadilishwe. Alama za magurudumu zilizoingia shambani na kukomea hapo nazo husema. Moshi wa kupikia husema. Nguo zilizoanikwa husema. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hakuna pahali ambapo methali hiyo ni ya kweli zaidi kuliko hapa.

Baada ya hayo yote ndipo huja ulinzi wenyewe. Mzinga una maadui wanne: mtu wa miguu, kifaru, ndege, na mzinga wa upande wa pili. Mtu wa miguu huzuiwa na walinzi waliowekwa mbali kidogo kuzunguka kituo, na bunduki za rashasha, na doria za usiku. Kifaru huzuiwa kwa kuchagua mapema njia ambazo kinaweza kupita, na kuhakikisha kwamba mzinga mmojawapo waweza kushusha mtutu ukakipiga waziwazi. Ndege huzuiwa na silaha za kutungulia, lakini zaidi huzuiwa na kificho. Adui wa nne ndiye mbaya kuliko wote, maana mzinga ukishapiga umejitaja, na adui huanza kukadiria sauti na mwanga ulikotoka. Dawa yake ni kuhama. Kikosi chenye adabu huwa na kituo cha pili kilichochimbwa tayari kabla ya kombora la kwanza kurushwa. Nao askari waliochoka, wenye malengelenge mikononi, huchukia kuchimba mara ya pili. Hapo ndipo hujulikana nani ni askari na nani ni mvaa sare.

Tuone sasa mambo hayo yalivyokuwa katika vita vya Kagera. Mwezi Novemba 1978 mizinga na maroketi ya Jeshi la Wananchi yalipiga kutoka kusini ya mto, yakawavunja moyo wavamizi waliokuwa ng'ambo, ndipo mafundi wakapata nafasi ya kuweka daraja la muda na jeshi likavuka. Gari moja la maroketi la aina ya BM-21 lina mitutu 40, na huweza kuimaliza kwa muda wa sekunde zipatazo 20. Mzinga wa milimita 130 wa aina ya M-46 hufikisha kombora umbali wa kilomita 27. Mwezi Aprili 1979, majeshi yetu yakiwa yamefika miinuko ya Mpigi, mizinga ya masafa marefu iliupiga mji wa Entebbe kutoka huko, na tarehe 7 Aprili Brigedi ya 208, chini ya Brigedia Mwita Marwa, ikaingia Entebbe. Siku chache baadaye Kampala nayo ikaanguka.

Lakini kati ya Kyaka na Entebbe liko jambo lililotokea Lukaya, nalo halisimuliwi mara nyingi. Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201, ambayo askari wake wengi walikuwa wanamgambo wasiozoea vita, ilishambuliwa huko na majeshi ya Amin pamoja na ya Libya, wakiwa na vifaru na maroketi. Maroketi yale mengi yalipita juu ya vichwa vya watu wetu yasiwadhuru. Hata hivyo mshindo wake uliwatia hofu, safu ikavunjika, wengi wakarudi nyuma. Kesho yake Brigedi ya 208 ilizunguka ikampiga adui ubavuni, Brigedi ya 201 ikajipanga upya ikapiga mbele, mizinga ikasaidia, na ushindi ukapatikana.

Hatulisemi hili ili kuwaaibisha wanamgambo wale. Wao walitoka majembeni wakaenda vitani, na waliporudi nyuma usiku walirudi mbele asubuhi. Huo ni ushujaa ulio mgumu kuliko ule wa mtu asiyewahi kuogopa. Twalisema kwa sababu linathibitisha neno letu. Roketi lisilompata mtu laweza kuvunja jeshi lisilozoezwa, na safu ya askari wa miguu ikivunjika, mizinga iliyo nyuma yake hubaki uchi. Kumbe ulinzi wa mzinga ulianza miezi mingi kabla, katika uwanja wa mazoezi wa kijiji, siku ambayo mwanamgambo alifundishwa vizuri au alifundishwa ovyo.

Historia ya nchi yetu ina ushahidi wa zamani zaidi. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilipozamishwa katika mto Rufiji mwezi Julai 1915, mizinga yake 10 ya milimita 105 ilitolewa majini, ikatengenezewa magurudumu, ikaburutwa nchi kavu kwa miaka ya vita iliyofuata. Iliburutwa na nani? Iliburutwa na Waafrika, mamia kwa mzinga mmoja, kwa kamba, milimani na matopeni. Upande wa Waingereza nao ulibebwa na wapagazi wa Carrier Corps, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina lao limebaki katika mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam. Mmoja wa mizinga ile umesimama Fort Jesus, Mombasa, watalii wakipiga picha kando yake. Mzinga umewekewa kumbukumbu. Waliouburuta hawakuandikwa hata majina. Taifa huru halina ruhusa ya kurudia hesabu ya namna hiyo. Dereva wa lori la mwaka 1979, mchimba handaki, mpishi wa kikosi, mwanamgambo aliyerudi kijijini bila cheo, wote walikuwa sehemu ya mzinga. Maadamu wangali hai, wajulikane na kutunzwa. Na waliokwisha kufa, watoto wao waambiwe.

Liko jambo jingine ambalo ni lazima lisemwe waziwazi. Kituo cha mizinga huwekwa katika ardhi, na ardhi hiyo mara nyingi ni shamba la mtu. Mhogo hukanyagwa, ng'ombe huhamishwa kisimani, mti wa kivuli hukatwa. Mwanakijiji akiona mali yake imeheshimiwa, na hasara yake imeandikwa na kulipwa, na shimo limefukiwa kikosi kilipoondoka, huyo amekuwa mlinzi wa kwanza wa kituo kile. Atamtambua mgeni asiyemjua na kutoa habari kabla doria haijapita. Lakini mbuzi wake akichukuliwa bila salamu, au binti yake akisumbuliwa kisimani, hakuna wavu utakaouficha mzinga ule. Jeshi letu liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya mwezi Januari mwaka huohuo kuonyesha hatari ya jeshi lisilo na mizizi katika umma. Likaitwa Jeshi la Wananchi. Jina hilo si pambo. Ni amri kwa kila mwenye sare, na ni amri kwa mgambo vilevile. Asiyejua kuomba njia shambani hajajua kulinda.

Wako watakaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwamba vita vya sasa ni vya mitambo. Vita vya Ukraine, vilivyopanuka tangu Februari 2022, vimeonyesha kinyume chake. Ndege ndogo zisizo na rubani huelea juu ya mashamba mchana na usiku, na mzinga ukishapiga waweza kujibiwa kwa muda wa dakika chache. Kwa hiyo askari wa leo huchimba zaidi, huficha zaidi, na huhama upesi zaidi kuliko baba zao. Tena amezuka msaliti mpya, naye ni simu ya mkononi. Tarehe 1 Januari 2023 nyumba walimolala askari wa Urusi huko Makiivka ilipigwa kwa makombora. Urusi yenyewe ilikiri vifo vya askari 89, na wakuu wake wakasema kwamba sababu kubwa ilikuwa matumizi ya simu yaliyokatazwa. Hatuingii hapa katika ugomvi wa nchi hizo. Twachukua somo tu, maana simu zilizoko Makiivka ndizo zilizoko Musoma.

Kijana wa Bunda akiuona msafara wa jeshi barabarani, mkono wake humwendea simu kabla akili haijafika. Hana nia mbaya. Ataka kuwaonyesha rafiki zake. Lakini picha ile ina barabara, ina saa, ina hesabu ya magari, na ndani ya dakika moja imefika mahali asipopajua. Zamani jasusi alihitaji kusafiri, kujifanya mchuuzi, na kuhatarisha shingo yake. Leo twaweza kumfanyia kazi yake bila malipo, tukiwa tumekaa dukani.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, kunyamaza. Mwendo wa jeshi, mahali lilipolala na idadi yake si habari za kijiweni wala za simu. Pili, mafunzo ya mgambo katika wilaya zetu yasiwe gwaride tu. Mgambo afundishwe kuchimba, kukaa zamu, kuficha, kumhudumia majeruhi, na kuheshimu mali ya raia. Gwaride hupendeza siku ya sherehe, lakini siku ya makombora ni handaki linalookoa. Tatu, yeyote atakayeona chuma asichokijua porini au ziwani asikiguse wala asikipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, bali atoe taarifa, na watoto waelezwe hivyo shuleni. Nne, wakubwa wa vikosi wakumbuke kwamba fidia ya shamba si hisani. Ni sehemu ya ulinzi, sawa na wavu na mifuko ya mchanga.

Hatutaki vita. Mkoa wa Mara wahitaji nyavu, pamba, mifugo yenye afya na shule zenye walimu kuliko unavyohitaji mizinga, na tungefurahi iwapo kila mzinga wa Tanzania ungezeeka bila kupiga. Lakini amani ya mwaka 1978 haikuulizwa kama inataka kuvunjwa. Ikitokea siku nyingine kama ile, watu watauliza tuna mizinga mingapi. Hilo ni swali la pili. Swali la kwanza litakuwa: wako wapi wa kuichimbia, wa kuificha, wa kuikeshea na wa kuinyamazia? Jibu la swali hilo halitengenezwi siku ya vita. Latengenezwa sasa, Musoma, Bunda na Butiama, kwa adabu ya kila mtu katika kazi yake.